Kinyozi Asiyegusa Kushoto

Mtuhumiwa alikuwa na haraka ya kufungwa kuliko hata askari waliomfungia. Hilo ndilo lililomkera Msumari tangu mwanzo. Alikuwa amezoea watu wanaokana hata majina waliyopewa na mama zao. Huyu alikiri kabla ya kuulizwa, akakiri alipoulizwa, na asubuhi hii, akiwa upande wa pili wa meza yenye mguu mmoja mbovu, alitaka kukiri tena ili karani asije akakosea maneno.

"Niliua mimi, Afande. Nililala kazini, mtu akafa. Andika hivyo hivyo."

Msumari hakuandika. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu akiingia kwenye kesi hang'oki mpaka ubao upasuke, na yeye hakulikataa. Mwanamke mpelelezi huitwa mabaya zaidi ya hayo. Aliivuta meza upande wake ili iache kuchezacheza, akamtaka kijana aanze upya, polepole, kama anamweleza mtu asiyejua lolote.

Kijana mwenyewe kiwandani walimwita Mlezi. Kazi yake ilikuwa kutunza kimeng'enya, kitu chenye uhai nusu, kilichogandishwa juu ya punje nyeupe mfano wa shanga. Alizikanda punje zile kwa maji ya uvuguvugu, akazichuja, akazilaza kwenye friji, na wenzake wakamcheka kwamba kilichobaki ni kuzibembeleza. Kiwanda kilitengeneza dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Shehena ya mwisho ilikuwa imetoka vizuri, ikapigwa vidonge, vidonge vikafika hospitalini. Wagonjwa watatu wakaanguka. Wawili waliinuka. Wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi, alizikwa na wanafunzi wake wakiwa wamejipanga mstari.

"Mafuta tunayoletewa yana mapacha ndani yake," Mlezi alisema. "Mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, nusu kwa nusu. Uzito mmoja, umbo moja, ila kama mikono yako hii, mmoja ukiuvisha glavu ya mwenziwe haiingii. Wa kulia ndiye dawa. Wa kushoto, ndiyo tumejua baada ya msiba, anavuruga moyo."

"Mnawatenganishaje?"

"Kimeng'enya ni kinyozi. Anamnyoa wa kulia. Akishanyolewa anatoka kwenye mafuta, anaingia kwenye maji. Sisi tunafungua bomba la chini, tunachukua maji, tunamkausha anakuwa unga. Wa kushoto anabaki juu na mafuta yake." Alitazama pingu zake. "Lakini kinyozi akiishiwa wateja wa kulia, anaanza na wa kushoto. Ndiyo maana ukutani tumeandikiwa: usipitishe nusu. Mafuta yakiisha nusu, unazima. Mimi nikalala."

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, alieleza, na usiku wake alikuwa amekesha na mtoto mwenye homa. Alikaa karibu na tangi, joto likamchukua. Alipozinduka alimkuta shemeji yake amesimama mlangoni. Shemeji huyu, mume wa dada yake, ndiye mpimaji wa kiwanda, mtu anayeidhinisha kila pipa kabla halijatoka, na ndiye aliyemwombea kazi. Mpimaji alichungulia tangi akasema limepita nusu, limeharibika. Akamwambia aende nyumbani, yeye atabaki kuokoa cha kuokoa, na hatamwambia mtu. Mlezi aliondoka huku akimshukuru. Habari za mwalimu zilipofika, alikuja polisi kwa miguu yake mwenyewe.

"Nini kilikuamsha?" Msumari aliuliza.

"Nilimkuta shemeji mlangoni."

"Hilo ni jibu la nani. Nimeuliza nini."

Kwa mara ya kwanza uso wa Mlezi ulifanya kazi nyingine isiyokuwa ya kujilaumu.

"Kimya," alisema. "Kila pacha akinyolewa anaacha uchachu kidogo. Kuna pampu ndogo inadondosha dawa ya kuuzima ule uchachu. Uchachu ukiwepo inadondosha, usipokuwepo inatulia. Tik, tik, tik. Ule mlio ndio ulionilaza. Uliponyamaza nikashtuka, kama mama wa mtoto anayenyamaza ghafla."

Msumari aliinuka, akaufungua mlango, akamwita Koplo.

Nje ya kituo, kwenye benchi la saruji, alikaa dada mtu. Kila asubuhi alileta shati lililopigwa pasi, akarudi na chafu. Wengine huleta mawakili, yeye alileta shati, kana kwamba mdogo wake angeachiwa kwa sababu ya kola iliyonyooka. Alisimama, akasalimia, akauliza kama bado anakiri. Msumari akamjibu kwamba bado. Dada akasema mume wake amemshauri amtayarishe mdogo wake kupokea litakalokuja, maana kosa ni kosa.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ana usingizi tangu utotoni, sikatai. Lakini usingizi wake wa ajabu, Afande. Akilala redio ikiimba, huwezi kumwamsha hata kwa maji. Mtu akiizima tu, huyo macho."

Msumari alimshukuru, akaingia kwa Mkuu wa Kituo.

Mkuu wa Kituo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jalada lililojaa, mtuhumiwa aliyekubali kosa, na mahakama iliyokuwa ikimsubiri kesho yake asubuhi. Alisikiliza habari ya pampu iliyonyamaza kwa subira ya mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. Kisha akauliza, "Amekiri. Unataka nini zaidi, aimbe?" Msumari akasema anamtaka Mlezi kwa siku moja, akiwa na pingu na Koplo, kiwandani. Walivutana. Mwishowe Mkuu akampa mpaka jioni, akasisitiza kwamba jioni ni jua kuzama, si Msumari kuridhika, maana hilo la pili halijawahi kutokea.

*

Kiwanda kilikuwa jengo refu la bati, safi ndani kuliko nje. Koplo aliendesha gari kwa mkono wa kushoto, mkono wake wa kulia ukiwa kazini kupunguza mkate. Njia nzima alilalamika kwamba kesi hii inawaharibia jina watu wa mkono wake.

"Mama yangu alinipiga viboko kwa huu mkono," alisema. "Sasa hata kemia."

Nyuma kwenye gari Mlezi alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka hali yake, akaacha.

Meneja aliwapokea kwa tai iliyobana. Alisema mara tatu kwamba kiwanda kinatoa ushirikiano, jambo ambalo wenye kutoa ushirikiano huwa hawana haja ya kulitangaza. Kando yake alisimama Mpimaji, mwembamba, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, sauti ya chini kama ya mtu aliye msibani. Alimshika shemeji yake begani. Alimuuliza kama anakula. Mlezi akainamisha kichwa.

Msumari aliomba kwanza kuona banda la nyuma. Mapipa yalikuwa pale, polisi walikuwa wameyatia lakiri: matatu matupu yaliyoleta mafuta, moja lililojaa mabaki, na pipa moja la unga wa dawa lililorudishwa kabla ya kufunguliwa. Pipa mwenzake ndilo lililokwenda kwenye vidonge. Koplo alizunguka akihesabu kwa vidole.

"Afande, mimi si mtu wa vitabu. Lakini wakiingiza mafuta mapipa matatu, nusu yake si ni moja na nusu? Hawa walitoa dawa mapipa mawili."

Meneja alikuwa na jibu tayari. Shehena ya mafuta ilikuja pungufu, wakati mteja alikuwa ameagiza mawili, na wao walitegemea kumwomba radhi. Kisha kumbe tangi limepitishwa, kinyozi amenyoa na wasiohusika, ndipo wakapata mawili. Nusu pipa la ziada, alisema kwa huzuni, ndilo lile la kushoto, na ndilo lililoua.

Koplo alimvuta Msumari pembeni. Kwa hesabu hii, alinong'ona, wamekuja kumkaza kijana kitanzi badala ya kukilegeza. Kila kitu kinaingia mahali pake: usingizi, kupitiliza, ziada, kifo. Msumari alikubali kwamba kila kitu kinaingia. Kilichobaki nje ni kimya cha pampu tu, na kimya hakina pa kuwekwa kwenye jalada.

"Kama kinyozi alikuwa ameshaanza na wa kushoto," alisema, "kwa nini pampu ilinyamaza?"

Koplo akamalizia mkate.

Chumba cha tangi kilikuwa na joto la mdomo wa mtu. Juu ya ukuta, kwa herufi nyekundu zilizobanduka, kulikuwa na kibao: USIPITISHE NUSU. Msumari alikisogelea, akakikwaruza kwa ukucha. Rangi ilidondoka kama magamba.

"Hiki kiliandikwa lini?"

Meneja alicheka kidogo. Alisema kilimtangulia hata yeye.

"Na shanga hizi, kimeng'enya hiki, nacho kilikutangulia?"

Hapana, Meneja alisema. Cha zamani kilichoka, mwaka jana wakaleta kingine kutoka kwa muuzaji mpya, ghali zaidi na bora zaidi. Msumari akauliza kama hiki kipya nacho kikipita nusu hunyoa wa kushoto. Meneja akamtazama Mpimaji, Mpimaji akamtazama Mlezi, na Mlezi akatazama kibao.

"Hatujawahi kupitisha," Mpimaji alisema. "Ndiyo sheria."

"Hamkuwahi kujaribu hata kwenye kikombe?"

"Tungejaribuje, Afande?" Meneja aliuliza, akiwa hana mzaha hata chembe. "Kibao kinakataza."

Msumari alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa ukutani uliokuwa ukishikilia kibao.

*

Aliwapanga yeye mwenyewe. Mlezi aelekeze, kwa kuwa anajua kazi. Mpimaji amimine, ili asije mtu akasema mtuhumiwa alijipendelea. Koplo avunje lakiri na kusimamia. Meneja akae, na asimame tu akiulizwa.

Waliweka bilauri mbili mezani. Katika kila moja Mpimaji alitia maji ya uvuguvugu, kijiko cha shanga, na matone ya dawa ya rangi, ile inayokuwa ya buluu maji yakiwa shwari na kugeuka njano uchachu ukiingia. Bilauri ya kwanza akaitia mafuta mapya, yenye mapacha wote wawili. Ya pili akaitia mafuta ya mabaki kutoka pipa la nyuma, ambamo wa kulia walikwisha kunyolewa na wa kushoto ndio waliojaa. Mashine mbili ndogo zikaanza kukoroga.

"Utaona, Afande," Mlezi alisema kwa sauti iliyokufa. "Zote zitageuka. Ya pili itachelewa tu."

Ya kwanza haikuwapa hata nafasi ya kukaa vizuri. Buluu ilififia, ikawa kijani, ikawa njano. Koplo alipiga mluzi. Mpimaji akadondosha dawa ya kuzima uchachu, buluu ikarudi, kisha ikawa njano tena. Kinyozi yuko kazini, wateja wamejaa barazani.

Ya pili ilikuwa buluu.

Walikaa. Kwenye dirisha la juu jua lilitoka kona moja ya kioo likaanza safari ya kwenda nyingine. Meneja aliomba kwenda kupiga simu, akaruhusiwa, akarudi, akaomba tena. Koplo alianza hadithi ya mjomba wake mwenye vidole sita, akaiacha katikati kwa kukosa wasikilizaji. Mpimaji alisimama karibu na bilauri na kila mara aliinama kuitazama, kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe. Msumari hakuinama wala hakuinuka. Alikivuta kiti chake mpaka magoti yakagusa meza, akaweka macho kwenye ile buluu, akayaacha pale. Meneja alimwambia kwa upole kwamba kimeng'enya kinahitaji muda. Akamjibu kwamba yeye ana siku nzima, na kwamba tangi lilipewa mchana mmoja tu.

Jua lilipokaribia kona ya pili, ya kwanza ilikuwa imetulia. Mpimaji aliidondoshea mara ya mwisho, buluu ikarudi, na safari hii ikakaa. Nusu imekwisha. Bilauri mbili za buluu zikasimama bega kwa bega.

"Imenyamaza," Mlezi alisema. Aliyasema maneno hayo kwa bilauri, si kwa mtu.

Mpimaji alikohoa. Alieleza, kwa ile sauti ya msibani, kwamba huenda shanga za bilauri ya pili zimekufa, joto huziua, hutokea. Msumari alisema hata yeye amewaza hivyo. Akamwagiza azichuje zile shanga za bilauri ya pili, azioshe, azitie kwenye mafuta mapya. Mpimaji alifanya. Hakukuwa na sababu ya kutofanya. Maji yakageuka njano kabla hajalirudisha chujio mezani.

"Hazijafa," alisema Koplo. "Ni kwamba hazitaki."

"Hazitaki," Msumari alikubali. "Umempa kinyozi huyu wateja wa kushoto watupu tangu asubuhi, hana mwingine wa kumnyoa, na hakuinua wembe. Cha zamani kilikuwa kinafanya hivyo. Hiki hakifanyi. Mmekuwa mkitii kibao cha kinyozi aliyekwisha kustaafu."

Alimgeukia Mlezi. Kijana alikuwa bado anaitazama ile bilauri ya pili.

"Ungelala mpaka kesho yake," Msumari alimwambia, "tangi lingekusubiri. Sasa nisikilize vizuri. Humu ndani kuna kitu kingine kinachoweza kumnyoa wa kushoto?"

Mlezi alifikiri. Alipojibu hakuonekana kujua alichokuwa akikisema. Alikuwa akijibu swali la kazi, kama anavyomjibu mwenzake kila siku.

"Soda kali. Ile ya kuzibulia mabomba, tunayooshea tangi. Lakini soda haina macho, Afande. Inanyoa yeyote."

"Itie."

Yale mafuta ya mabaki yaliyobaki bilaurini yalikuwa yakielea kwa miduara mikubwa. Mpimaji hakusogea. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mkono wake kukataa kazi. Koplo ndiye aliyeileta ile chupa, akamimina kwa mkono wake wa kushoto, mashine ikakoroga. Miduara ikaanza kupungua. Ikawa midogo kama macho ya ndege, ikawa vidoa, ikawa hakuna. Maji matupu, na ndani yake pacha wa kushoto, amenyolewa, tayari kukaushwa na kuitwa dawa.

"Nusu pipa la ziada lilitoka hapa," Msumari alisema.

*

Kilichobaki kilikuwa kujua kama aliyeitia soda alijua alichokuwa akikifanya. Kwa hilo Msumari aliwapeleka wote chumba cha kupimia.

Chombo kilikaa peke yake juu ya meza ya mawe. Wenyewe walikiita Jicho. Mwanga ulionyooshwa unaingia upande mmoja, unapita kwenye mrija wa kioo uliojazwa dawa, na mpimaji anaangalia upande wa pili umepinda kiasi gani. Pacha wa kulia anaupinda kulia. Wa kushoto anaupinda kushoto kwa nguvu ile ile, kwa hiyo wakiwa wengi pamoja wanavutana kamba. Pipa lililorudishwa lilikuwa na cheti chenye sahihi ya Mpimaji: ishirini na nne kulia. Ndiyo kipimo cha dawa safi.

Msumari alimwomba apime kwanza dawa safi ya zamani, iliyohifadhiwa kabatini. Mpimaji alifungua sanduku la mbao. Ndani, kwenye kitambaa chekundu, kulikuwa na vitanda viwili na mirija miwili, mmoja mfupi, mmoja mrefu mara mbili yake. Alichukua mfupi. Ishirini na nne. Koplo akachungulia, akathibitisha.

Kisha unga wa pipa lililorudishwa, uliokorogwa kwa kipimo kile kile. Mrija ule ule.

"Kumi na mbili," Mpimaji alisema. Akaongeza haraka kwamba si ajabu, dawa imechanganyika, robo ni ya kushoto, wanavutana, ndivyo inavyotakiwa kuonekana.

"Lakini wewe uliandika ishirini na nne."

Alisema huenda siku ile alipima kopo lisilo lenyewe. Kazi zilikuwa nyingi. Binadamu hukosea.

Msumari alikuwa ameinama juu ya sanduku. Mrija mrefu ulikuwa mzuri, umenyooka, na ndani yake, karibu na kizibo, lilikuwepo tone moja lililokauka na kuacha ukoko mweupe. Alimuuliza Mlezi mrija huu unatumika kwa ajili ya nini. Mlezi akasema haujatumika tangu aanze kazi. Ni wa dawa hafifu sana, ambayo mwanga unahitaji safari ndefu ndani yake ndipo upinde wa kuonekana. Safari ikiwa mara mbili, upindaji nao ni mara mbili. Alipofika hapo akamtazama shemeji yake.

"Jaza huu," Msumari alimwambia Mpimaji.

"Afande, kuna haja gani..."

"Jaza."

Aliujaza. Mikono yake ilikuwa na uzoefu kuliko moyo wake. Haikumwaga hata tone. Aliulaza ndani ya Jicho, akainama, akabaki ameinama hivyo muda mrefu bila kutamka namba. Koplo alimsogeza pembeni kwa bega, akaweka jicho lake.

"Ishirini na nne," alisema. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi."

"Hii ilikuwa ndefu," Msumari alisema. "Mara mbili."

Mpimaji alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Alianza kufungua vifungo vya koti jeupe kimoja kimoja, kama mtu aliyefika nyumbani. Alizungumza akiitazama sakafu. Meneja alikuwa ameshamwahidi mteja mapipa mawili, na yeye Mpimaji alikuwa ameshamwahidi Meneja kwamba yatapatikana, kwa kuwa nafasi ya mkuu wa idara ilikuwa wazi na alitaka aonekane mtu asiyeshindwa. Alipomkuta shemeji yake amesinzia aliona mlango umefunguka. Akamtuma nyumbani, akachota sehemu ya mabaki, akaitia soda.

"Nilidhani wa kushoto ni uzito tu," alisema. "Abiria. Anaingia mwilini, anatoka. Mwaka mzima tunamtupa, sijawahi kumwona akifanya lolote."

"Sikukwambia uongeze," Meneja alisema.

"Na ulipoyaona mawili hukumuuliza yametoka wapi," Msumari alimjibu. "Utakuja kituoni na wewe. Maswali yako ninayo."

Mlezi alikuwa bado amesimama penye sanduku. Koplo alimfungua pingu, naye hakuonekana kulitambua hilo. Mikono ilibaki mbele yake, imekaribiana. Aliposema, hakuinua sauti.

"Siku zote hizi kule ndani, shemeji, nilikuwa nakuombea. Kwa kunisitiri."

Mpimaji alifunika uso kwa koti.

*

Jua lilikuwa bado halijazama waliposimama mbele ya kituo. Kwenye benchi la saruji dada mtu alikuwa amekaa, mfuko wa plastiki mapajani, shati ndani yake limekunjwa mraba. Kwa kawaida alikuja asubuhi tu. Mtu wa kiwandani alikuwa amempigia simu kwamba mdogo wake ameonekana kule, amefungwa, na hakuweza kukaa nyumbani.

Aliona kwanza Mlezi akishuka. Aliona mikono mitupu. Alisimama, akapiga hatua mbili, na hapo ndipo alipomwona mume wake akishuka upande wa pili, Koplo amemshika kwapani, zile pingu zimehamia kwake.

Hakupiga kelele. Alisimama katikati, baina ya mlango mmoja wa gari na mwingine, akitazama huku na kule, na Msumari, ambaye hakuna kitu kilichowahi kumng'oa, alijikuta akitafuta neno na kulikosa. Alikuwa na maelezo ya kutosha kujaza jalada. Hakuna hata moja lililomfaa mwanamke huyu.

"Mdogo wangu anatoka?" dada aliuliza.

"Anatoka."

"Hakuua?"

"Hakuua. Nitamwambia Mkuu sasa hivi, na kesho nitaiambia mahakama."

Dada alitikisa kichwa kukubali. Alilitoa shati mfukoni, akalikunjua, akamvisha mdogo wake palepale nje, juu ya lile alilokuwa nalo, akamfunga vifungo mpaka shingoni na kuinyoosha kola kwa vidole viwili. Mlezi alisimama akafungwa kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta.

Alipomaliza alimgeukia mume wake. Alimtazama shati: la kazini, limelowa jasho, limeliwa na soda kwenye mkono mmoja, tundu dogo ambalo yeye mwenyewe alilitia kiraka wiki iliyopita bila kuuliza limetoka wapi.

Alikunja ule mfuko mtupu, akautia kwapani.

"Huyu," alimwambia Msumari, "nitamletea lake kesho asubuhi."